UZI: Klabu za vijana balehe: yapi ya kambini Kigoma yanatufaa huku Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe?

Mnyalu_wa_Kilolo (mwanzisha uzi)

Kamwene wanajamvi.

Kila ukitajwa ustawi wa vijana balehe katika nchi inayopokea wakimbizi wengi kama yetu, macho yote yanaelekea Kigoma. Ni haki. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996 na nchi imepokea wakimbizi zaidi ya laki mbili. Lakini fungueni utafiti wa afya wa 2022 (TDHS). Songwe, ambako hakuna kambi hata moja, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walishawahi kushika mimba. Kitaifa ni asilimia 22. Iringa tunayoiita kapu la chakula ina udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Njombe, utafiti wa VVU wa 2022/23 ulikuta maambukizi asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6.

Kambini yamejaribiwa mengi kwa miaka mingi. Huku kwetu kila Januari klabu za shule zinazinduliwa kwa mbwembwe, na kufika Machi mlezi yuko peke yake na daftari la mahudhurio. Naomba tujadili lipi la kule linahamishika na lipi halihamishiki. Masharti ya uzi: hakuna jina la mtoto, la shule wala la ofisi. Tupeane hatua, vipimo na sababu. Visa vya "mimi niliwahi" pelekeni kwenye uzi mwingine.

---

Kasulu_hadi_Uyole

Mkuu, kinachohamishika si klabu yenyewe, ni swali linaloulizwa kabla ya klabu kuanza: msichana wa rika hili hudhurika wapi, na saa ngapi?

Kambini jibu kubwa lilikuwa kuni. Familia zinapikia kuni, kuni ziko nje ya mipaka ya kambi, na wanaotumwa ni mama na binti. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae ndani ya eneo alilopangiwa. Kwa hiyo binti akishambuliwa porini ana hofu mbili kwa pamoja: ya aliyemshambulia, na ya kuulizwa "ulitokaje bila kibali?" Ananyamaza. Unaweza kufundisha klabu kuhusu haki za mtoto mwaka mzima na idadi ya taarifa isipande, kwa sababu kosa dogo la aliyeumizwa limefunika kosa kubwa la aliyemuumiza.

Kilichosaidia ni vitu visivyopendeza kwenye picha: majiko banifu ili safari za kuni zipungue kwa wiki, kwenda kwa makundi, na wanaume wa familia kukubali kubeba zamu. Tena kipimo kiwe safari za kuni kwa wiki. Ukihesabu idadi ya waliofundishwa unajidanganya.

Sasa niwaulize wa huku: kuni zenu ni zipi?

---

Mwalimu_wa_Malezi

Kuni zetu ni gheto. Sihitaji hata kufikiri.

Shule ya kata iko kilomita 8 hadi 12 kutoka baadhi ya vitongoji, hosteli hakuna au imejaa, mzazi anampangishia binti wa miaka 14 chumba karibu na shule. Anampelekea debe la mahindi, anarudi shamba. Na hofu ni ile ile aliyoitaja Kasulu. Binti wa gheto akisumbuliwa hasemi, maana akisema ataambiwa "rudi nyumbani", na nyumbani maana yake shule basi.

Tufanye hesabu ya debe. Debe ni kilo 18 hadi 20 za mahindi. Mtoto akila nusu kilo ya unga kwa siku, debe linamfikisha wiki tano, na hata akikoboa linakaribia mwezi. Kwa hiyo unga si tatizo. Tatizo ni hela ndogo: mafuta ya kula, chumvi, sabuni, pedi, mkaa, kuchaji simu. Anapunguza debe, anauza kisado kimoja kimoja, wiki ya tatu unga umekwisha. Hapo ndipo anapotokea mwenye bodaboda, mwenye duka au "mjomba" wa chipsi. Ukitaka kujua klabu yako ikutane lini na izungumze nini, anza na hiyo wiki ya tatu.

---

Bodaboda_Mstaafu

Kwa hiyo bodaboda tena. Kila uzi sisi. Na walimu je?

---

Mwalimu_wa_Malezi

@Bodaboda_Mstaafu na walimu pia, sibishi. Ndiyo maana mlezi wa klabu hawi mmoja na hakai chumba kimoja na mtoto mmoja mlango umefungwa. Walezi wawili, angalau mmoja mwanamke, na mmoja asiwe mwajiriwa wa shule ile: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mama anayeheshimika kitongojini. Mtoto mwenye shauri dhidi ya mwalimu hatamwambia mwalimu.

---

Ndaga_Fijo

Mwalimu, tueleze basi hilo la gheto linashughulikiwaje kwa vitendo. Huku Rungwe kata nzima ina magheto na kila mtu anajua, ila hakuna mwenye orodha.

---

Mwalimu_wa_Malezi

Orodha ndiyo mwanzo wenyewe. Daftari moja. Wiki mbili za kwanza za muhula, mwalimu wa malezi na mjumbe wa kitongoji wanapita kila nyumba yenye mwanafunzi aliyepanga. Wanaandika jina la mwenye nyumba na simu yake, idadi ya wanafunzi, na mzazi wa kila mmoja yuko kijiji gani. Daftari linakaa kwa mkuu wa shule na nakala kwa mtendaji wa kata. Halibandikwi ukutani, maana orodha ya mabinti wanaoishi peke yao ni mali kwa mtu mbaya.

Kisha chumba chenyewe. Mlango uwe na komeo la ndani, si kufuli ya nje tu. Hili linasahaulika kuliko yote: fundi anafunga vipete vya kufuli nje, binti akilala mlango anauegemeza kwa ndoo. Choo kiwe ndani ya ua huo huo. Mwenye nyumba aishi hapo hapo, na asiwe anauza pombe. Wakae wawili au watatu, asikae mmoja. Nyumba isiyotimiza haya, mzazi anaambiwa kabla hajalipa kodi, siyo katikati ya muhula.

Linaloharibika: ziara zinafanyika Januari, halafu Agosti binti kahama chumba bila mtu kujua. Wanahama sana baada ya likizo ya Juni. Daftari lipitiwe upya kila shule inapofunguliwa, vinginevyo unamlinda mtu asiyekuwepo.

Na msifanye ziara za kushtukiza usiku. Mkifumania mkamfukuza binti, mwaka unaofuata wote wanapanga mbali zaidi, nje ya daftari.

---

Kasulu_hadi_Uyole

Naongeza namna ya kuchora ramani ya hatari, maana gheto si jibu la kila kata. Kyela ni barabara na msimu wa kakao, Mbarali ni mashamba ya mpunga, Chunya ni machimbo, Tunduma ni foleni ya malori.

Wachukue wasichana 8 hadi 12 wa rika moja. Usichanganye wa miaka 11 na wa 17, wadogo watanyamaza. Wavulana siku nyingine, na ramani yao. Dakika 90, mahali pasipo na watu wa kupita. Wachore wenyewe ardhini kwa majivu au kwenye karatasi kubwa: shule, kisima, gulio, baa, kanisa, njia za mkato. Kila mmoja apewe punje 10 za mahindi na 10 za maharage. Mahindi anaweka anakokwenda mara kwa mara, maharage anakopita haraka. Palipo na mahindi mengi na maharage mengi kwa pamoja ndipo pa kuanzia, kwa sababu hapakwepeki.

Swali ni "msichana wa rika lako hupita wapi haraka, na saa ngapi?" Usiulize kamwe "wewe yamekupata?" mbele ya wenzake. Atakayetaka kusema atakufuata pembeni, kwa hiyo kabla ya siku hiyo uwe na namba za afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, za dawati la jinsia na watoto polisi, na za kituo cha afya. Namba 116, simu ya mtoto, haina malipo. Usifungue mazungumzo usiyoweza kuyapokea.

Mambo yanayoiharibu ramani: mwenyekiti anakuja "kufungua kikao" halafu hatoki. Au inachorwa mara moja tu, kiangazi, wakati Machi mahindi yamefunika njia na Juni ukungu wa milima ya Uporoto unakaa hadi saa mbili asubuhi. Njia ile ile si ile ile. Chora mara mbili kwa mwaka. Kwa viongozi peleka mahali na saa, usipeleke nani kasema.

---

Mtu_wa_Tunduma

Hapo kwa wavulana ndipo penye pengo. Kila mradi ni binti, binti. Kijana wa miaka 14 hapa mpakani anashinda kwenye foleni ya malori, anafuta vioo, anatumwa sigara, baadaye anakuwa utingo. Akipotea wiki mbili hakuna kamati inayokaa.

---

Kasulu_hadi_Uyole

Kweli kabisa. Kambini kijana anamaliza sekondari kwa mtaala wa Burundi au wa Kongo, halafu hawezi kutoka kambini kutafuta kazi. Anabaki kijiweni na cheti. Matokeo yake unayaona nyumbani kwake na kwa dada zake.

Kundi la wavulana lisianze na somo la "usifanye ukatili". Ukianza hapo umewaita watuhumiwa, wiki ya pili huwaoni. Anza na wanachokitaka: hela inapatikanaje, leseni ya pikipiki inapatikanaje, mwili unabadilikaje. Kiongozi awe kijana wa miaka 20 hadi 25 anayefanya kazi halali pale pale, si mzee wa mahubiri. Wakati wa kukutana uwe baada ya kazi zao, saa 11 jioni, si saa 4 asubuhi.

Tena nyanda za juu kusini mna mlango ambao Kigoma haukuwahi kuwa mkubwa namna hiyo: tohara ya kitabibu. Makabila mengi ya huku hayakuwa na jadi ya tohara, huduma ikaanza kupelekwa kwa wingi kati ya 2009 na 2010 kama kinga dhidi ya VVU, na vijana wa Iringa na Njombe hujitokeza zaidi msimu wa baridi. Pale kituoni kijana yuko peke yake na mtoa huduma, ana maswali. Dakika 20 za mazungumzo mazuri hapo zina uzito kuliko mabango kumi. Wengi hupewa karatasi ya tarehe ya kurudi na wanaondoka, nafasi imepita.

Na wavulana nao hufanyiwa ukatili wa kingono. Hatua za matibabu ni zile zile, muuguzi wa humu atanisahihisha.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Sikusahihishi, naweka hatua. Msomaji azikariri, maana siku ikitokea hakuna muda wa kutafuta uzi.

Kwanza kituo cha afya. Saa zinahesabiwa tangu tukio. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU (PEP) zinaanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu, kwa hiyo saa 2 ni bora kuliko saa 70. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Kwa msichana aliyevunja ungo, dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafaa zaidi ndani ya saa 72, na inaweza kutolewa hadi saa 120. Kuna pia kinga ya homa ya ini B na matibabu ya magonjwa ya ngono.

Asioge, asifue, asibadilishe nguo kama inawezekana. Akibadilisha, nguo ziwekwe kwenye bahasha ya khaki au gazeti. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu, ushahidi unaoza kabla haujafika maabara. Kosa hili linafanywa na watu wenye nia njema kabisa.

PF3, fomu anayojaza daktari, inatoka polisi na inahitajika kwa kesi. Lakini msimkalishe mtoto kwenye benchi la kituo kwa muda wa saa sita akisubiri fomu huku saa za dawa zinakwenda. Mmoja aende hospitali na mtoto, mwingine polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Kwenye hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono huduma zote ziko chumba kimoja: daktari, polisi, ustawi wa jamii. Ulizeni mapema kama hospitali yenu ya wilaya inacho, msisubiri siku ya tukio.

Na mtoto asisimulie mara tano. Mtendaji anataka asikie, mwenyekiti anataka asikie, mwalimu mkuu naye. Asimulie kwa wanaopaswa tu.

Linaloua PEP ni kichefuchefu cha siku za mwanzo. Anaacha na hasemi. Anywe baada ya chakula, usiku, na apigiwe simu siku ya 3 na ya 7. Kwa binti wa gheto jiulize dawa atazificha wapi, la sivyo wenzake watamwita mgonjwa.

Jambo la pembeni lakini la maana: tangu 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila kibali cha mzazi. Bado kuna vituo vinamrudisha. Na chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Waliokosa shuleni waende kliniki.

---

Bodaboda_Mstaafu

Hapa nimepata kitu. Hilo la khaki sikulijua.

---

Wakili_wa_Kijiweni

Naingia kwa sheria, kwa ufupi, maana watu huchanganya.

Sheria ya Elimu ilifanyiwa marekebisho 2016: kumpa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu 13 na 17, iliruhusu binti aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba katika shauri la Rebeca Gyumi, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakazia. Bunge lilitakiwa kurekebisha, na likajikokota.

Sasa angalieni tundu. Ulinzi mkali umefungwa kwenye neno "mwanafunzi". Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Miezi minne binti yuko nyumbani, na asiyeendelea kabisa hana tena kinga hiyo. Iringa na Njombe ndiyo miezi anapotokea shangazi wa kutafuta msichana wa kazi wa kupeleka Dar es Salaam. Mnakaa mnafanya klabu Februari hadi Juni, wakati binti yuko salama darasani!

Na mimba zinazomalizwa kifamilia: ng'ombe wawili, mbuzi, kesi imekwisha. Kisheria haijaisha. Ni jinai, mlalamikaji ni Jamhuri, mzazi hana mamlaka ya kuisamehe. Ila kesi hufa mahakamani kwa mambo mawili, shahidi kufichwa na umri kutothibitishwa. Umri unathibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, au ushahidi wa mzazi, au daktari, au mhanga mwenyewe. Klabu ikiwasaidia wanachama kupata vyeti kabla ya shida, imefanya kazi kuliko midahalo.

---

Mishamo_Kwetu

Hapo kwenye vyeti Wakili kagusa kidonda. Watu wanadhani wakimbizi ni kambi tu. Katumba, Mishamo na Ulyankulu ni makazi ya Warundi waliokuja kuanzia 1972, na wapatao 162,000 walipewa uraia, vyeti vikatolewa mwaka 2014. (Katumba hii ni ya Mpanda, Katavi. Msichanganye na Katumba ya chai pale Rungwe.) Mabinti wa huko ni Watanzania, wanasoma shule zetu, wanashuka Mbeya kutafuta kazi za ndani na vyuo. Kuzaliwa kwa wengi hakukusajiliwa kwa wakati. Akiwa na kesi, au akitaka mkopo wa chuo, anaanza kuulizwa babu yake alitoka wapi.

Mbeya mjishukuru. Mpango wa kusajili watoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata ulizinduliwa kwenu 2013, bila malipo. Watoto wa awamu ile ndio hao sasa wanabalehe. Wengi cheti kipo, kimewekwa kwenye sanduku la bibi na hakijulikani kilipo. Mwambieni kila mwanachama alete nakala, ikunjwe kwenye faili la klabu.

---

Ndaga_Fijo

Swali la wajinga wawili watatu: binti akishajifungua anarudi vipi? Huku watu bado wanasema hairuhusiwi.

---

Wakili_wa_Kijiweni

Inaruhusiwa tangu Novemba 2021, kuna waraka wa elimu. Ana hadi miaka miwili kurudi baada ya kuacha. Anaweza kurudi shule ile ile au kuhamia nyingine. Njia nyingine ni elimu ya watu wazima, anafanya mtihani wa QT (mtihani wa maarifa, unaompa sifa ya kufanya wa kidato cha nne), au chuo cha maendeleo ya wananchi, baadhi vina malezi ya watoto ndani.

Anachokwamia si waraka. Ni nani abaki na mtoto saa 1 asubuhi hadi saa 10, na maziwa. Mtoto wa miezi sita anaanza uji, bibi anaweza kubaki naye. Wa miezi miwili hawezi. Kwa hiyo mpangeni arudi mwanzo wa muhula unaokuta mtoto amevuka miezi sita, na muwe mmekubaliana na bibi kwa maneno, mbele ya babu. Akirudi mapema kwa kusukumwa, ataacha tena, na mara ya pili harudi.

---

Fundi_Cherehani_Tukuyu

Mmeongea yote, pedi mmeziruka. Niwape vipimo vya pedi za kufua kwa huku kwenye baridi, maana vielelezo vingi vimetengenezwa kwa watu wa joto.

Kosa kuu: wanashona tabaka tatu nne za taulo ndani, wanafunga pande zote. Kigoma inakauka kwa nusu siku. Makete mwezi wa Juni au Tukuyu mwezi wa Aprili haikauki siku mbili, binti anaivaa mbichi, inanuka, inamletea muwasho, anaitupa na kurudi kwenye matambara. Kwa hiyo shona mfuko wenye vipande vinavyochomoka.

Mfuko: juu pamba laini ya flana, chini kitambaa cha mwavuli kisichopitisha maji. Kata sm 26 kwa 21 ikiwa ni pamoja na sm 1 ya kushonea kila upande, ukimaliza unabaki na urefu wa sm 24. Upana wa katikati sm 7, mabawa yakifunguliwa ni sm 19 toka ncha hadi ncha. Fua flana kwanza kabla ya kukata, inarudi. Mita moja ya kitambaa cha upana wa sm 150 inatoa angalau vipande 20 vya juu.

Kipande cha ndani: taulo la pamba, sm 6 kwa 20, kingo zishonwe zigizaga. Taulo la kuogea la sm 70 kwa 140 linatoa angalau vipande 69. Siku nyepesi kipande kimoja, siku nzito viwili.

Usipitishe mshono katikati ya kitambaa cha mwavuli. Kila tundu la sindano ni tundu la damu. Shona pembeni tu. Vifungo vya kubana viwe vya plastiki, vya chuma vinashika kutu na kuchafua nguo.

Seti ya binti mmoja huku juu: mifuko 3, vipande 8. Kule chini Kyela mifuko 2 na vipande 6 vinatosha. Abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6.

Kufua: loweka maji baridi nusu saa, kisha sabuni ya mche. Maji ya moto mwanzoni yanapika damu kwenye uzi na doa halitoki tena. Dawa za kung'arisha nguo hapana, zinaozesha. Aanike juani, akiona haya atandike khanga nyepesi juu, jua linapita. Siku za ukungu apige pasi vipande mpaka vikauke kabisa.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Fundi umemaliza kila kitu. Naongeza choo tu. Kiwango cha shule ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Lakini tundu lisilo na komeo ndani, ndoano ya kutundikia mkoba, na ndoo ya maji ndani ya chumba chenyewe, halihesabiki. Msichana hataenda kuchota bombani akiwa ameshika pedi. Pedi bila maji na mlango ni mzigo kwenye begi.

---

Mnyalu_wa_Kilolo

Nashukuru sana. Bado swali langu la kwanza: kwa nini klabu inakufa Machi?

---

Kasulu_hadi_Uyole

Kwa sababu ya kalenda. Iringa, Njombe na Mbeya, Januari hadi Machi ni palizi, na Mbarali ni kupandikiza mpunga. Binti anahitajika shambani Jumamosi, mama hawezi kumwachia masaa mawili ya michezo. Kambini hakuna shamba, ndiyo maana ratiba ya kule ya mwaka mzima haihamishiki kwenu. Siku ya gulio nayo isiguswe.

Pili, posho. Waelimishaji rika wakianza kwa kulipwa na mradi, mradi ukifunga nao wanafunga. Kule Kigoma mgao wa chakula uliposhuka hadi nusu mwaka 2023 tuliona somo hilo kwa ukali: mwenye njaa haji kukaa kwenye mduara. Ila kutotoa chochote nako si jibu. Toeni kinachotumika pale pale: mche wa sabuni, uji, kitambaa cha pedi anachoshona mwenyewe akaondoka nacho.

Tatu, saa. Hata Jordan, iliyopokea Wasyria wengi, shule za mijini zimekuwa na zamu mbili, Wajordani asubuhi na Wasyria mchana, na zamu ya mchana ikitoka jioni wakati wa baridi wazazi wanawazuia mabinti njiani. Kwenye kambi ya Zaatari wasichana wakawekwa asubuhi. Huku Juni jua linazama karibu saa 12 na nusu. Klabu ya saa 10 hadi 11 na nusu kwa binti wa kilomita 8 ni kumtengenezea hatari mliyokuja kuiondoa.

---

Mtu_wa_Tunduma

Basi pendekezo: Septemba hadi Desemba klabu kila wiki kwa waliomaliza la saba, Januari hadi Machi mara moja kwa mwezi, Aprili hadi Juni kila wiki shuleni.

---

Wakili_wa_Kijiweni

Naunga mkono. Ila Septemba hadi Desemba wasikutane shuleni. Wameshaaga, hawarudi kwenye madawati. Ofisi ya kijiji au kwa fundi cherehani.

---

Fundi_Cherehani_Tukuyu

Cherehani mbili zinabeba wasichana 12 kwa kupokezana, sita wanakata na sita wanashona. Zaidi ya hapo wanapiga soga tu.

---

Ndaga_Fijo

Ndaga fijo wakuu. Fundi, komeo la ndani la gheto lenye mlango wa mabati linafungwaje? Mabati hayashiki skrubu.

---

Bodaboda_Mstaafu

Hilo mniachie. Piga ubao wa inchi 2 kwa 2 upande wa ndani, ukate kimo cha mlango, ufunge kwa bolti zinazopita hadi nje na washa kubwa chini ya kila nati, bolti nne. Komeo linafungwa kwenye ubao, si kwenye bati. Kwenye fremu usitumie misumari mifupi ya inchi moja, inachomoka kwa teke moja. Tumia ya inchi 3. Na liwekwe usawa wa kiuno. Wengi wanaweka juu sana, binti mdogo halifikii gizani.